Namna ya Kumwandalia Mwanajeshi Mstaafu Siku ya Heshima, Hatua kwa Hatua

Kila Julai ikikaribia, simu yangu huanza kuita. Mtu wa Isevya ana babu aliyepigana Kagera. Mwingine wa Urambo ana mama mkubwa aliyekwenda Darfur na bereti ya bluu ya Umoja wa Mataifa. Wote wanauliza mambo yaleyale: tuanzie wapi, tumwalike nani, avae nini, medali inakaa upande gani. Nimejibu mara nyingi mno, tena kwa ujumbe wa sauti ambao mtu husikiliza mara moja halafu anauliza upya. Basi nimeandika.

Mimi si mwanajeshi. Nimekulia Tabora, karibu na Kambi ya Milambo, tukiamshwa alfajiri na chenja, yaani nyimbo za askari wakikimbia. Nilimwandalia baba yangu mdogo siku yake nikakosea mengi, kisha nikazisaidia familia nyingine nne nikakosea machache. Yaliyomo humu yametokana na makosa hayo.

Neno moja kabla hatujaanza. Familia nyingi huanza na ng'ombe, turubai na spika. Wewe anza na daftari. Nimeona shughuli ya watu mia mbili ikiisha vizuri, sahani zikaoshwa, na bado hakuna mjukuu hata mmoja aliyejua babu alikuwa kikosi gani.

Vitu vya kuwa navyo

- Miezi miwili mbele yako. Mwezi mmoja unatosha kama karatasi za mzee zipo mahali pamoja, na mara nyingi hazipo.
- Daftari kubwa, penseli laini na bahasha za khaki.
- Simu yenye nafasi ya kurekodi saa kadhaa, na kadi ya kumbukumbu ya akiba.
- Mtu mmoja wa familia ambaye mzee hamfichi kitu. Si lazima awe mtoto wa kwanza. Kwetu alikuwa mjukuu wa kike wa miaka 15 anayemsomea magazeti.
- Mwanajeshi mstaafu mwenzake, ikiwezekana wa kikosi kilekile. Huyu ndiye atakayekuokoa.
- Bajeti ya chai, chakula na kuchapisha. Vingine vyote ni mapambo.

Kuhusu tarehe, wengi huchagua 25 Julai, Siku ya Mashujaa, na ni sawa, ila mjue siku hiyo wastaafu wengi hualikwa kwenye maadhimisho ya serikali. Jumamosi inayofuata huwa nzuri zaidi. Kwa aliyehudumu misheni za amani ipo 29 Mei, siku ya kimataifa ya walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Zingine mbili za kufikiria ni 1 Septemba, siku JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ilipoanzishwa mwaka 1964, na siku yake ya kuzaliwa. Epuka Desemba hadi Machi kama shughuli ni ya nje. Mvua ya Tabora haiheshimu cheo.

Hatua ya 1: Omba ridhaa yake

Mzee wa jeshi hashtukizwi. Familia moja niliyoisaidia ilizima taa sebuleni, watu ishirini wakajificha nyuma ya makochi, mzee alipoingia wakapiga kelele kwa pamoja. Alikuwa chini ya meza kabla hawajamaliza neno, huku yeye amemlalia mjukuu wake juu kumkinga. Hakuna aliyecheka, na keki ililiwa kesho yake.

Mkalishe muulize mambo matatu. Anataka tufanye? Kuna mtu hataki awepo? Kuna jambo hataki litajwe? Hilo la mwisho ndilo zito. Akisema "mambo ya mwaka fulani yaacheni", yaache, wala usimuulize sababu. Akikataa yote, soma sehemu ya mwisho ya mwongozo huu kabla ya kukata tamaa.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi na picha

Tafuta cheti cha kumaliza utumishi, kitambulisho cha mstaafu, vyeti vya kozi, vyeti vya medali, barua za uhamisho, paspoti ya zamani (mihuri yake ni hazina) na barua alizoandika nyumbani. Tazama ndani ya sanduku la bati, katikati ya Biblia au Msahafu, na nyuma ya picha zilizotundikwa ukutani. Fanya haraka, maana mchwa wa huku kwetu hawachagui cheti.

Andika namba yake ya jeshi jinsi ilivyo. Ikianza na MT alikuwa askari, ikianza na P alikuwa ofisa. Namba hii ndiyo ufunguo wa kumbukumbu zake zote, kwa hiyo iweke kwenye daftari tu. Usiibandike kwenye kadi ya mwaliko wala kwenye kundi la ukoo. Kuna matapeli wanaowapigia simu wastaafu wakijifanya watu wa mafao, na wakishajua namba na jina kamili wamemaliza nusu ya kazi.

Picha za zamani zipige kwa simu karibu na mlango ulio wazi, kwa mwanga wa asubuhi, bila flashi. Kisha keti naye, kila picha uiandike kwa nyuma kwa penseli: nani, wapi, lini. Wino hupenya hadi mbele. Na usipeleke cheti halisi kikafanyiwe laminesheni. Joto la ile mashine huharibu karatasi kuukuu na kufifisha muhuri. Toa kopi, hiyo ndiyo uifunike.

Hatua ya 3: Kaa naye, msikilize

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu hukimbilia kuruka.

Chagua asubuhi baada ya chai, akiwa hajachoka. Chini ya mwembe ni pazuri, ila geukia mbali na barabara. Bodaboda tatu zikipita zinameza sentensi nzima. Zima mtandao wa simu, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, rekodi dakika moja ya majaribio, usikilize. Dakika 40 zinatosha kwa kikao kimoja. Vikao vitano vifupi huzaa kuliko kimoja cha kutwa nzima.

Usianze na vita. Anza na vitu vinavyoshikika:

- Ulijiandikisha wapi, na nani alikusindikiza stesheni?
- Depo, kwenye mafunzo ya awali, mlikula nini? Afande gani mlimwogopa?
- Ulipoitwa kwenda mpakani ulikuwa wapi, unafanya nini?
- Mgongoni ulibeba nini?
- Barua ya nyumbani ilichukua muda gani kukufikia?
- Kwenye misheni mlizungumza na wenyeji kwa lugha gani? Watoto wa kule walikuwaje?
- Mlipomaliza, siku ya kurudi ilikuwaje?

Swali la waliokufa liwe la mwisho, na litoke pale tu yeye mwenyewe atakapofungua mlango. Swali la "uliua wangapi" lisiulizwe kabisa. Watoto huliuliza, hawana ubaya, kwa hiyo wafundishe mapema.

Akinyamaza, nyamaza naye. Hesabu moyoni hadi ishirini. Sisi vijana tunaogopa kimya, tunakijaza kwa swali jingine, na kumbe jibu lilikuwa njiani.

Baba mdogo alinieleza Kagera kwa siku tatu: daraja la Kyaka lililovunjwa, tope la Masaka, viatu vilivyooza mguuni. Nilipomuuliza kuhusu Liberia aliomba maji ya kunywa, akanyanyuka. Niliacha. Wiki mbili baadaye tulikuwa tunamenya karanga, hakuna simu wala daftari, akaanza mwenyewe. Alilinda kizuizi cha barabarani. Kila jioni mtoto mmoja alikuja kuomba wali na baba mdogo akamfundisha kusema "shikamoo". Mpaka kikosi kinaondoka, watoto wa mtaa mzima walikuwa wanawapigia askari wa Tanzania shikamoo, na hakuna aliyejua maana yake. Hiyo ndiyo habari wajukuu wanayoirudia hadi leo. Tope la Masaka wameshalisahau.

Mhoji mke wake pia, tena peke yake. Mke wa mwanajeshi amehamishwa kambi hadi kambi, amejifungua mume akiwa mpakani, amepokea jirani aliyekuja na uso wa msiba akadhani ni zamu yake. Mwaka 1978 hakukuwa na simu ya kumwambia mtu kuwa mumewe yu hai. Mama mdogo aliniambia aliacha kusikiliza redio miezi mitano, kwa sababu kila ilipopigwa ile muziki ya kabla ya taarifa ya habari tumbo lilimkata. Mumewe alikuwa hajawahi kulisikia jambo hilo. Alilisikia siku ya heshima, mbele ya watu, na hapo ndipo alipotoa kitambaa mfukoni.

Hatua ya 4: Panga miaka na uhakiki

Chora mstari kwenye daftari: kujiunga, depo, vikosi, kozi, operesheni, vyeo, kustaafu. Kisha linganisha na tarehe zinazojulikana. Kumbukumbu ya mzee ni tajiri kwa mambo, lakini miaka huchanganyika kwa mtu yeyote.

- Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa tarehe 2 Novemba. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, na mapigano yaliendelea kaskazini hadi mwanzoni mwa Juni. Waliopigana si JWTZ pekee, walikuwemo wanamgambo pia. Mwanamgambo anastahili siku yake kama askari.
- Liberia. Tanzania ilipeleka kikosi mwaka 1994 chini ya ECOMOG, jeshi la nchi za Afrika Magharibi. Haikuwa bereti ya bluu.
- Anjouan, Komoro. Machi 2008, chini ya Umoja wa Afrika.
- Darfur. UNAMID, misheni ya pamoja ya Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa, iliyofungwa mwisho wa Desemba 2020. Tarehe 13 Julai 2013 walinzi wa amani saba wa Tanzania waliuawa huko kwa kuviziwa. Kama mzee au dada yako alihudumu wakati huo, tarehe hiyo anaijua. Itendee kwa adabu.
- Kongo. MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa. Brigedi ya kujibu mashambulizi iliundwa kwa azimio la Baraza la Usalama la Machi 2013, ikiwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Shambulio la Semuliki, Kivu Kaskazini, lilikuwa 7 Desemba 2017.
- Lebanon ni UNIFIL, na Jamhuri ya Afrika ya Kati ni MINUSCA. Zote mbili ni za Umoja wa Mataifa.
- Msumbiji, 2021 hadi 2024. SAMIM, misheni ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika.

Kosa la kawaida ni kuandika "alihudumu Umoja wa Mataifa" kwa kila aliyevuka mpaka. Aliyekuwa Liberia atasoma hilo kwenye bango na kuona mmemvika kofia ya mwenzake.

Kosa la pili, ambalo hunikera zaidi, ni kumpandisha mtu. Mzee mmoja alikuwa mpishi wa kikosi. Watoto wake wakaandika "mpiganaji wa mstari wa mbele". Alipoona akasema taratibu, "Waliokula pale mbele walikula mikononi mwangu. Andikeni mpishi." Dereva, fundi mitambo, tabibu, mpiga tarumbeta, karani wa stoo, wote ni wanajeshi. Wengine hawakuvuka mpaka kabisa, walilinda maghala na reli. Andika walichofanya.

Hatua ya 5: Cheo, medali na mavazi

Cheo hutangulia jina, na neno "mstaafu" hufuata: Koplo mstaafu fulani. Jifunze mpangilio: Koplo Usu, Koplo, Sajini, Sajini Taji, Afisa Mteule Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, kisha ndipo maofisa kuanzia Luteni Usu kwenda juu. Mimi kwenye mwaliko wa baba mdogo niliandika "Meja", kwa kuwa watu mtaani walimwita Saji Meja. Saji Meja ni kazi anayopewa Afisa Mteule, na Meja ni ofisa. Wenzake walicheka hadi machozi, wakampigia saluti ya kejeli shughuli nzima. Alivumilia. Mimi sikulala.

Medali huvaliwa kifuani kushoto. Za taifa hutangulia, kama ile ya Kagera na ya utumishi mrefu na tabia njema, za Umoja wa Mataifa hufuata. Hizi za Umoja wa Mataifa zina nembo ileile mbele, na utepe ndio unaotambulisha misheni. Ukiona namba ndogo juu ya utepe, alihudumu kwenye misheni hiyohiyo zaidi ya kipindi kimoja. Kwa kawaida hutolewa baada ya siku 90 za utumishi. Mpangilio kamili mwachie mstaafu mwenzake. Ataupanga kwa dakika mbili na kukukaripia kwa tano.

Zifute kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie majivu wala dawa ya viatu, na utepe usifuliwe.

Mavazi: suti au kaunda suti, shati jeupe, viatu vilivyong'arishwa. Asivae kombati, na watoto wasivalishwe za kuchezea. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na mstaafu naye ni raia. Fundi cherehani akikwambia "hii ni madoadoa tu, siyo ya jeshi", mwache navyo vitambaa vyake.

Hatua ya 6: Taarifa na wageni

Andika barua fupi kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata, ueleze siku, saa na idadi ya watu. Watakwambia kama kuna kibali cha spika na ada yake.

Kisha nenda ofisi ya mkuu wa wilaya umuulizie mshauri wa mgambo. Wengi hawajui kama yupo. Ni mwanajeshi, na ndiye kiungo wa jeshi na raia katika wilaya. Atakuelekeza jinsi ya kuwafikia wastaafu wenzake, na mambo gani ya kijeshi yanaruhusiwa nyumbani na yapi hayaruhusiwi. Usipange gwaride, bendera kubwa wala tarumbeta bila kuzungumza naye.

Mgeni rasmi awe mstaafu mwenzake. Hili nalisema kwa uchungu. Tuliwahi kumngoja mgeni mkubwa kwa saa mbili na nusu, wazee wa miaka sabini wamekaa juani. Alipofika alizungumzia mradi wa maji.

Hatua ya 7: Andika wasifu

Ukurasa mmoja, dakika tano kusomwa. Huu ni mfano, jaza palipo na nukta:

*"… (cheo) mstaafu … (jina) alizaliwa mwaka … katika kijiji cha … . Alijiunga na JWTZ mwaka … akiwa na umri wa miaka … , akitokea … . Alihudumu kama … (kazi) katika vikosi vya … . Mwaka … alishiriki … . Mwaka … alikwenda … katika misheni ya … , akakaa miezi … . Alistaafu mwaka … . Kipindi chote hicho nyumba ilisimamiwa na … (jina la mke au mume). Jambo analolikumbuka zaidi ni … ."*

Sentensi ya mwisho ndiyo uifanyie kazi. Hapo ndipo shikamoo ya Liberia inapokaa.

Msomee yeye kwanza, nyumbani, milango ikiwa imefungwa. Atakachofuta, kifute. Usitaje aina za silaha, idadi ya askari wala mpangilio wa kambi, hata kama ni mambo ya zamani, na majina ya wenzake walio hai yaingie kwa ruhusa yao.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Ukisema saa 3:00 asubuhi, wazee watafika saa 2:40. Chai na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) viwe tayari wakati huo.

1. Kiti cha mzee kiwe na mikono, mgongo wake uelekee ukutani, naye aweze kuona lango. Wengi hawatakwambia, ila hawapendi watu nyuma yao.
2. Dua na sala, fupi.
3. Dakika moja ya kusimama kimya kwa wenzake waliofariki. Kama ametoa majina, yasomwe na mtoto, polepole. Mfanyie mtoto mazoezi siku mbili kabla.
4. Wasifu.
5. Mke wake au mtu wa nyumbani azungumze. Asiwekwe mwisho.
6. Wastaafu wenzake. Hapa acha saa zipite, ndiyo burudani yenyewe. Watataniana, watasahihishana, mmoja ataanzisha chenja na sauti za wazee zitatetemeka kisha zitapanda.
7. Zawadi. Kitabu cha picha zake kilichochapishwa na kuandikwa vizuri kinapita blanketi la tano.
8. Mzee mwenyewe, akitaka. Mpe kipaza sauti akiwa amekaa.
9. Chakula, halafu ngoma. Kwetu Manyanga haikosi.

Hakuna fataki wala maputo ya kupasua. Mwambie na mtu wa muziki asijaribu spika kwa mlio wa ghafla. Waliokuwa Uganda mwaka 1979 wanazikumbuka roketi zilizopewa jina la "saba saba", na sikio halistaafu.

Hatua ya 9: Baada ya wageni kuondoka

Wiki hiyohiyo nakili sauti na picha sehemu tatu: kadi ya kumbukumbu, kompyuta ya ndugu aliye mji mwingine, na nakala iliyochapishwa. Karatasi halisi zirudi kwa mzee, kwenye bahasha, ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya matofali.

Yakikwama

*Karatasi zote zimepotea.* Anza na namba ya jeshi, hata kama anaikumbuka kichwani, na wengi hawaisahau hadi kaburini. Mshauri wa mgambo atakueleza pa kuandikia barua. Itachukua muda, kwa hiyo shughuli isingoje. Andika "kwa kumbukumbu zake mwenyewe" mkaendelea.

*Yeye na mwenzake wanabishana miaka.* Usiwe hakimu. Tafuta tukio la nyumbani: mtoto gani alikuwa amezaliwa, mwaka gani wa ukame. Mke wake kwa kawaida ndiye mwenye jibu.

*Medali zimepotea au ziliuzwa.* Usiazime, wala usinunue za sokoni. Wataalamu watakuwepo na watatambua. Andika kwenye wasifu alizotunukiwa, inatosha.

*Amelia katikati ya shughuli.* Mwache alie. Muziki usipigwe kufunika. Mwenzake atasogea, utaona mwenyewe. Lakini kama tangu mlipoanza mahojiano halali, anashtuka usiku au ameanza kunywa, simamisha kila kitu mpelekeni kwa daktari, mkimweleza kuwa alikuwa vitani.

*Ndugu wanagombana michango.* Punguza wageni. Heshima haikui kwa idadi ya sufuria.

*Ameshafariki.* Hatua ya 2 na ya 4 zinabaki vilevile; ya 3 wahoji mjane na wenzake, mapema, maana nao wanapungua.

*Hataki sherehe.* Muulize kama kuna mahali anataka kwenda. Baba mdogo, miaka miwili baada ya shughuli ile yenye "Meja", aliniambia kwamba kama angeulizwa vizuri angeomba Kaboya. Ni makaburi ya mashujaa wa vita vya Kagera, wilayani Muleba, mamia wamelala pale. Eneo liko chini ya jeshi, hivyo pitia kwa mshauri wa mgambo upate utaratibu kabla ya kufunga safari. Kutoka Tabora mnapita Nzega, Kahama, Biharamulo, ndipo Muleba. Mlaze njiani, usimkimbize. Nenda naye na mwenzake mmoja, na mjukuu mmoja wa kubeba mzigo. Chukueni maji, kofia na kiti cha kukunja, na dereva msimwahidi saa ya kuondoka. Atatafuta jina moja, atalipata, halafu atakaa muda mrefu kuliko mnavyodhani.